Tuliposikia "Miaka 75" Ikitajwa Ng'ambo ya Mpaka

Jioni moja mwanzoni mwa Novemba nilikuwa ghalani kwa shemeji yangu hapa Busia, upande wetu wa Uganda, nimeketi juu ya gunia la mahindi nikimsubiri amalize kazi. Alikuwa na mzigo wa kuvusha kesho yake. Alilichoma kila gunia ubavuni kwa kile chuma chembamba chenye mfereji, akakichomoa na punje kumi au kumi na tano, akazimwaga kiganjani, akachagua moja na kuibana kwa magego. Ikilia ka!, gunia linasogezwa kulia. Ikibonyea bila sauti, linarudi kwenye turubai likaanikwe tena. Redio ilitundikwa kwenye msumari juu ya mlango, ikisoma habari za Kiswahili kutoka Nairobi, na hakuna aliyeitegea sikio mpaka msomaji alipofika kwenye habari ya mbunge wa Fafi.

Mbunge huyo, wa chama cha rais mpya, William Ruto, alikuwa amependekeza kwamba ukomo wa mihula miwili ya urais uondolewe katika katiba ya Kenya, na mahali pake uwekwe ukomo wa umri: miaka 75.

Shemeji alisimama na punje mdomoni.

"Mwalimu," akaniuliza, "wamesema sabini na tano?"

Nikamwambia ndiyo, wamesema sabini na tano.

Hakuongeza neno. Aliitema ile punje, akainuka, akaizima redio kabla ya bei za mazao kusomwa, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya tangu alipomwoa dada yangu.

Sasa ni siku za mwanzo za Desemba 2022, na jioni ile haijanitoka kichwani.

Namba tunayoijua

Mwenzangu wa Uganda hana haja ya kuelezwa kwa nini punje ilitemwa. Katiba yetu ya 1995 ilikizungushia kiti cha rais nyua mbili: mihula miwili, na umri usiozidi miaka 75. Ua wa kwanza uling'olewa mwaka 2005. Wa pili uling'olewa Desemba 2017, baada ya siku zile za Septemba ambazo viti viliruka ndani ya Bunge na wanausalama wakaingia ukumbini kuwaburuta nje waliokuwa wakipinga. Na Aprili 2019 Mahakama ya Juu ikauridhia uamuzi huo, majaji wanne dhidi ya watatu.

Kwa hiyo Mkenya anapopendekeza kuondoa mihula na kuweka miaka 75, anatuomba tukubali kwamba ua uliokuwa wa mwisho kwetu kuanguka unaweza kumtosha yeye kama ua wa kwanza na wa pekee. William Ruto alizaliwa Desemba 1966. Anayetaka kuhesabu na ahesabu.

Lazima niseme haraka kwamba pendekezo lile halikuwa la Ruto. Chama chake kilijitenga nalo, na baadaye mwezi huohuo yeye mwenyewe aliwaambia wabunge waache kupoteza muda kwa sheria za kujinufaisha, ikiwemo hiyo ya kuondoa ukomo wa mihula. Alilisema waziwazi. Kauli hiyo ingepaswa kunituliza.

Haikunituliza, na wiki zote hizi nimekuwa nikijiuliza kwa nini.

Furaha ya Septemba

Tarehe 13 Septemba tuliitazama hafla ya Kasarani kwenye televisheni ya hoteli moja ya chai karibu na stendi. Watu walijaa hadi mlangoni: madereva wa malori, wabadilishaji fedha wenye mikoba kiunoni, walimu wenzangu wawili, akina mama waliofunga vibanda mapema. Sisi wa mpakani neno la rais wa Kenya hutufikia mfukoni kesho yake asubuhi, na akigeukia Kiswahili tunamsikia bila mkalimani. Ndiyo maana tulinyamaza kama watu walio msikitini.

Alitangaza kwamba mbolea ya ruzuku ingeshuka kutoka shilingi 6,500 za Kenya hadi 3,500 kwa mfuko wa kilo 50. Mama mmoja ambaye nyumba yake iko Lumino na shamba la urithi liko Funyula, ng'ambo, aliuliza kwa sauti iwapo na yeye angehesabiwa. Hakuna aliyemjibu, kwa sababu Ruto alikuwa ameshafika kwenye bandari. Alasiri hiyohiyo, alisema, angetoa maagizo kwamba utoaji wa mizigo urudi Mombasa, kutoka huko bara ulikokuwa umehamishiwa na mtangulizi wake. Madereva wakapiga meza. Kisha akasema angewateua majaji sita ambao Uhuru Kenyatta alikuwa amekataa kuwateua ingawa Tume ya Utumishi wa Mahakama ilikuwa imewapendekeza tangu 2019, na kwamba fedha za polisi zingeondolewa katika Ofisi ya Rais na kukabidhiwa Inspekta Jenerali mwenyewe.

Nilitoka pale nimejaa. Nasema kweli: nilimwonea wivu Mkenya.

Kilichonivutia zaidi ni maneno yake kuhusu ruzuku. Alisema mbele ya umati ule kwamba ruzuku ya mafuta peke yake ilikuwa imekula shilingi bilioni 144, bilioni 60 kati ya hizo katika miezi minne ya mwisho, na kwamba ruzuku ya unga iliyotolewa kuelekea uchaguzi ilimeza bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila mlaji kuona nafuu. Kesho yake bei ya lita moja ya petroli jijini Nairobi ikapanda kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30. Hapa Busia vijana wa mtaa wa Sofia, wale wanaovusha petroli kwa jerikeni, walikaa juu ya jerikeni tupu wakikokotoa upya, kwa kuwa biashara yao yote ilisimama juu ya ruzuku ya serikali ya jirani. Nikawaambia wenzangu katika chumba cha walimu: huyu ni mtu anayeanza na chungu. Anayeanza na chungu, nikasema, hana haja ya kudanganya baadaye.

Katika siku hizo kulikuwa na jambo moja ambalo niliamua kulipuuza. Tarehe 14 Septemba, baada ya kukutana na waziri wa mambo ya nje wa Morocco, Ruto aliandika kwenye Twitter kwamba Kenya imeacha kuitambua Jamhuri ya Kiarabu ya Kidemokrasia ya Sahara, ile inayogombania Sahara Magharibi na Morocco. Kiongozi wa jamhuri hiyo alikuwa mgeni katika kuapishwa kwake siku iliyotangulia. Maneno yale yakafutwa, na siku mbili baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa waraka ikisema msimamo wa Kenya ni uleule wa Umoja wa Afrika, na kwamba Kenya haiendeshi sera yake ya nje kwenye Twitter. Nilisema ni ugeni wa ofisi. Sasa naona lilikuwa jambo la kwanza lililostahili kunisimamisha, maana lilionyesha ni umbali gani uliopo kati ya wazo la rais na uamuzi wa nchi. Siku ile haukuwepo umbali wowote.

Muhimbili, miaka saba iliyopita

Tumewahi kupita njia hii, na hatukuipita zamani.

Novemba 2015 sisi wa Uganda tulishikwa na marehemu John Pombe Magufuli kama tulivyoshikwa na Kombe la Dunia. Siku moja baada ya kuapishwa alitoka Ikulu kwa miguu akaenda Wizara ya Fedha na kukuta viti vitupu. Siku chache baadaye aliingia Hospitali ya Taifa ya Muhimbili bila taarifa, akakuta wagonjwa wamelala chini na mashine za vipimo hazifanyi kazi. Kaimu mkurugenzi akaondolewa, bodi ikavunjwa. Akafuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba na kuwaambia watu washike mifagio, na fedha zikaelekezwa kwenye barabara. Safari za nje za watumishi zikazuiwa. Neno "kutumbua majipu" likavuka mpaka wa Mutukula likaingia midomoni mwetu. Nakumbuka nikiwaandikia wanafunzi wangu wa kidato cha nne mada ya insha: "Kiongozi ninayemtamani." Karatasi thelathini na kitu, na zaidi ya nusu zilimtaja yeye. Nilizisahihisha kwa raha.

Januari 2016, hata siku mia hazijapita tangu aapishwe, serikali yake ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena moja kwa moja vikao vyote vya Bunge, ati kubana matumizi. Katikati ya mwaka huo mikutano ya hadhara ya kisiasa ikazuiwa. Wengi wetu tulisema huyu amebadilika.

Sidhani alibadilika. Bodi ya Muhimbili ilivunjwa kwa neno la mtu mmoja, na sisi tulipiga makofi kwa sababu bodi ilistahili. Sherehe zilifutwa kwa neno la mtu mmoja, na sherehe zilikuwa ghali kweli. Kila uamuzi ulikuwa mzuri ukiutazama peke yake, ila yote yalipita mlango mmoja, na mlango huo ulipokwisha kuzoeleka ukapitisha na mengine. Tulikuwa tukitazama kilichobebwa. Hatukuutazama mlango.

Kuzipanga upya

Baada ya jioni ile ya ghalani nilichukua daftari nikaandika kila jambo nililolikumbuka kutoka wiki nane za kwanza za Ruto. Awali ningeyapanga kwa mafungu mawili, mazuri na mabaya. Safari hii nilijiuliza swali jingine kwa kila moja: baada ya uamuzi huu, mkono wa rais umebaki na kamba zaidi za kuufunga au umebaki na kamba chache?

Fedha za polisi: kamba zaidi, ikiwa agizo litatekelezwa. Mkuu wa polisi asiyepigia magoti Ofisi ya Rais kwa ajili ya mafuta ya magari ana nafasi ya kusema hapana. Hili nalihesabu kuwa kubwa kuliko mbolea, ingawa pale hotelini halikupigiwa meza na mtu yeyote.

Majaji sita: hapa nilikaa muda mrefu. Mwanzoni nililiandika kwenye fungu la kamba, kwa furaha. Kisha nikakumbuka kwamba wawili kati yao, Joel Ngugi na George Odunga, walikuwa katika jopo la majaji watano walioiangusha BBI Mei 2021, mpango wa kubadilisha katiba ambao Ruto aliupinga kwa nguvu zake zote. Kuwaapisha watu waliomkera mtangulizi wako ni haki, na ni sheria, na mahakama zilikwisha kusema hivyo. Lakini hakukumgharimu chochote. Gharama itakuja siku ambapo jaji mmojawapo, au mwenzao yeyote, atakapomwandikia yeye hukumu asiyoipenda. Nikalifuta, nikaliandika katikati ya ukurasa.

Bandari: mlango wa Muhimbili. "Alasiri hii nitatoa maagizo." Nilikubaliana na jambo lenyewe kwa asilimia mia, na mpaka leo nakubaliana nalo. Ila mtangulizi wake aliuhamisha mzigo kwa agizo, naye akaurudisha kwa agizo, na mfanyabiashara wa Kampala aliyepanga mwaka wake mzima juu ya agizo la kwanza hana pa kushika. Agizo la tatu litatoka lini?

Kikosi maalumu cha upelelezi kilichovunjwa Oktoba 16, kile kilichotuhumiwa kuua watu na kuwapoteza: familia zilizotafuta miili ya wapendwa wao katika Mto Yala zilistahili kusikia neno lile, na nisingependa mtu yeyote alidharau. Hata hivyo kikosi kilichovunjwa kwa mdomo chaweza kuundwa tena kwa mdomo, chini ya jina jingine. Nitaliamini zaidi nikiona watu kizimbani.

Mambo ya mahakamani yenyewe yalinitia kiza. Tarehe 10 Novemba mahakama ya kesi za ufisadi ilikubali upande wa mashtaka uiondoe kesi ya naibu wa rais, Rigathi Gachagua. Hakukuwa na agizo la rais hapo ambalo mtu angeweza kulishika mkononi. Mwendesha mashtaka mkuu ni ofisi huru kwa mujibu wa katiba. Niliandika tu tarehe na kuacha nafasi tupu mbele yake.

Tena mahindi.

Marufuku ya miaka kumi, siku moja

Tarehe 3 Oktoba, mawaziri wapya hawajaapishwa bado, baraza la mawaziri liliketi chini ya rais mpya kwa sababu ya ukame, na marufuku ya mazao ya GMO, yaani yaliyobadilishwa vinasaba, iliyokuwapo tangu 2012 ikaondolewa siku hiyo. Simo katika wanaoamini kwamba GMO ni sumu. Nimewasikiliza watafiti wetu wa Kawanda wakieleza kazi yao juu ya ndizi na nikawaheshimu. Bunge letu lenyewe lilipitisha sheria ya mambo hayo mwaka 2017 na tena mwaka uliofuata, na mara zote mbili rais akairudisha bila saini, kwa hiyo sina njia safi ya nyumbani ya kumwonyesha jirani.

Lakini shamba linaulizwa. Wakulima wa Trans Nzoia hawakuulizwa, na wale wa Bugiri, Iganga na Kiryandongo ambao soko lao kuu ni Kenya hawakuwa hata na mahali pa kuulizwa. Katikati ya Novemba waziri wa biashara wa Kenya akatangaza kwamba magunia milioni 10 ya mahindi, ya GMO na yasiyo ya GMO, yangeingizwa bila ushuru kwa miezi sita. Shemeji alinipigia simu usiku huo. Yeye ni mtu aliyeishi Machi 2021, wakati Kenya ilipoyafungia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, malori yakasimama hapa hadi mahindi yakaanza kutoa joto chini ya turubai. Usiku huo aliniuliza swali moja tu, la kibiashara: "Mwalimu, hili neno ni la kushika?"

Swali lake ndilo swali langu lote. Neno la rais mpya ni la kushika likiwa na kitu kinacholishikilia mbali na yeye mwenyewe.

Kile ambacho baba hakukisikia

Nilikuwa na miaka tisa Januari 1986. Tulikuwa Tororo. Baba, aliyekuwa karani wa reli, aliisikiliza hotuba ya tarehe 29 ameegemea ukuta, kofia mkononi. Yoweri Museveni alisema kutoka kwenye ngazi za Bunge kwamba yaliyotokea hayakuwa kupokezana zamu ya walinzi tu, yalikuwa mageuzi ya msingi. Mwaka huohuo alisema pia kwamba tatizo la Afrika ni viongozi wanaotaka kukaa madarakani kupita muda wao. Baba alilia. Alikuwa amezika kaka zake wawili katika miaka mitano, na siwezi kumkubalia mtu yeyote amwite mjinga kwa machozi yale.

Kilichokuwa kikitendeka kando ya hotuba hakikusomwa na mtu yeyote mtaani kwetu. Tangazo la Kisheria Namba 1 la 1986 liliweka mamlaka ya kutunga sheria mikononi mwa Baraza la Taifa la Upinzani, ambalo mwenyekiti wake alikuwa rais mwenyewe. Serikali ya mpito ilipewa miaka minne. Mwaka 1989, muda ukielekea kwisha, ikajiongezea mitano. Miaka mitano hiyo iliongezwa na wale ambao ingewanufaisha, kwa kuwa hakukuwa na mwingine mwenye kalamu.

Kwa miaka mingi nimesikia watu wakiilinganisha hotuba ya 1986 na matendo yaliyofuata, na kuuliza iwapo maneno yale yalikuwa ya kweli. Nadhani yalikuwa ya kweli siku ile. Nadhani aliyaamini. Jambo linalonikosesha usingizi ni kwamba ukweli wake haukusaidia kitu, kwa sababu karatasi ndogo iliyowekwa kando yake haikumfunga.

Ndiyo maana Ruto aliposema hadharani kwamba hataki ukomo wa mihula uguswe, nilimwamini na sikutulia.

Je, namwonea?

Mwalimu mwenzangu wa Busia ya Kenya, tunayesahihisha naye mitihani ya majaribio kila mwaka, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniambia kwa upole: "Ndugu yangu, nyinyi Waganda mnamwona Museveni kwenye kila kivuli."

Ilinichoma, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Akaendelea. Kwetu sisi, alisema, Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani, tarehe 1 Septemba 2017. Kwetu sisi rais na kinara wa upinzani waliungana kuibadilisha katiba, wakashindwa Mahakama Kuu, wakashindwa Mahakama ya Rufaa, na Machi mwaka huu wakashindwa Mahakama ya Juu. Huyo Ruto unayemchunguza mkono, aliingia Ikulu baada ya kusubiri hukumu ya tarehe 5 Septemba kama mshitakiwa yeyote. Kamba hazikusubiri yeye ajifunge, alisema. Amezikuta.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikipita kituo cha pamoja cha mpakani, na njia nzima nilikuwa nikibishana naye na kushindwa. Nilikuwa nimezitazama siku za mwanzo za rais kana kwamba zinatoka tumboni mwake peke yake. Magufuli alikuta kuta fupi. Museveni wa 1986 hakukuta ukuta. Nchi ilikuwa magofu. Mtu wa tabia ileile akiwekwa katika nyumba tatu tofauti angeacha nyayo tatu tofauti.

Nikakumbuka pia ile wiki ya mwanzo wa Oktoba ambayo hapa Busia hatutaisahau, wakati mwana wa rais wetu alipoandika kwamba yeye na jeshi lake wasingechukua wiki mbili kuiteka Nairobi. Usiku ule dada yangu alinipigia simu kuuliza iwapo awavushe watoto waliokuwa kwa shangazi yao ng'ambo. Rais wetu akaomba radhi. Na tarehe 9 Oktoba, Uganda ikitimiza miaka 60 ya uhuru, Ruto alikuja Kololo, akaketi, akazungumza kama jirani. Mtu mwenye wiki nne madarakani, aliyetukaniwa mji mkuu wake, hakujibu kwa ukali. Katika daftari langu sikuwa nimeliandika jambo hilo kabisa, kwa kuwa halikuwa agizo wala ahadi. Nikaliandika usiku ule, kwa herufi kubwa.

Novemba 28

Halafu mahakama ikasema.

Jumatatu iliyopita, tarehe 28 Novemba, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitoa amri ya muda kusimamisha uingizaji wa mazao ya GMO mpaka kesi iliyofunguliwa na wakulima wadogo isikilizwe. Uamuzi uliochukua siku moja mwezi wa Oktoba umesimamishwa na jaji mmoja mwezi wa Novemba. Hili ndilo nililokuwa nikilingojea bila kujua ninalingojea: hukumu ya kwanza asiyoipenda.

Naiona njia mbili mbele yake na zote zinapitika. Anaweza kukata rufaa, akangoja, akawaacha mawaziri wake wanyamaze. Anaweza pia kuanza kusema, kwanza kwa utani na kisha kwa kukunja uso, kwamba kuna watu wachache wanaotumia mahakama kuwanyima Wakenya chakula. Hajasema hivyo. Namfuatilia kwenye redio kila jioni, na kila anapozungumzia njaa nasogeza kiti karibu. Kuapisha majaji sita kulikuwa rahisi. Kumngoja jaji mmoja huku watu wa Turkana wakiwa na njaa ya kweli si rahisi hata kidogo, na rais atakayeshindwa kungoja atakuwa na sababu nzuri sana, ambayo mimi na wewe tutaielewa.

Sababu nzuri ndizo ninazoziogopa zaidi. Magufuli alikuwa nazo. Sisi pia, mwaka 1989, tulipewa.

Jana jioni nilipita tena ghalani. Shemeji alikuwa na magunia themanini ya mavuno mapya, mahindi meupe ya Namayingo, na dalali kutoka ng'ambo alikuwa amempa bei siku mbili kabla. Aliniuliza kama serikali ya Kenya itaitii ile amri ya mahakama. Nikamwambia sijui. Akaniuliza ninavyodhani. Nikamwambia nadhani itaitii kwa sasa, kwa sababu nyumba ile ina kuta, lakini sijaona bado mwenye nyumba akiegemea ukuta mmojawapo kwa hiari.

Alifikiri kidogo akiwa amekishika chuma chake. Kisha akawaambia vijana wapakie magunia arobaini, na arobaini yabaki.